Macho yakienda kombo, ubongo unazungumza

Katika nyumba zetu, mtoto akichemka mwili mama humwekea kiganja kwenye paji la uso, na kabla jua halijazama kila mtu ndani anajua kuwa mtoto ana homa. Akiharisha, tunahesabu ni mara ngapi. Akikohoa usiku, tunamsikia. Lakini jicho lake moja likielekea puani wakati lingine linatazama mlango, tunanyamaza. Bibi atasema ataacha akikua. Shangazi atasema ule ni urembo, mbona fulani alikuwa hivyo hivyo na aliolewa. Jirani atanong'ona kuwa pana mkono wa mtu. Baba atasema wasubiri shule zifunge. Miezi inakwenda, miaka inakwenda, na mtoto anapoteza kitu ambacho akishakuwa mtu mzima daktari atapata taabu kubwa kumrudishia.

Hoja ya makala hii ni fupi. Jicho halitembei lenyewe. Kila linapogeuka, linapotulia, linapofuata kitu au linapojikaza lisiyumbe, limeamriwa na ubongo. Kwa hiyo mwendo wa macho ukibadilika tumepewa habari, na mara nyingi habari hiyo inatoka ndani ya kichwa, mahali ambapo hatuwezi kuchungulia kwa namna nyingine tukiwa nyumbani. Kila familia inapaswa kujifunza kuisoma habari hiyo kama inavyosoma homa, na kuifanyia kazi kwa haraka ile ile.

Kwa nini macho hayatulii

Ndugu msomaji, nyoosha mkono wako mbele na utazame ukucha wa kidole gumba. Eneo dogo kama upana wa ukucha huo, au kupita kidogo, ndilo pekee unaloliona kwa ukali kamili. Vingine vyote vilivyobaki pembeni unaviona kwa ukungu, ila hujui, kwa sababu ubongo hukuficha.

Sababu ni kwamba ndani ya jicho, kwenye ule utando wa nyuma unaoitwa retina, pana kishimo kidogo sana kiitwacho fovea. Hapo ndipo zilipobanana chembe zinazoona rangi na vitu vidogo kama herufi. Ili usome neno, umtambue mtu, au utoboe sindano na kupitisha uzi, ni lazima kishimo hicho kielekezwe hasa kwenye kitu unachokitaka. Hii ndiyo kazi ya miendo ya macho: kukipeleka kishimo hicho mahali panapotakiwa, kisha kukishikilia hapo.

Jambo hili limechunguzwa tangu zamani. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra na kufariki Cairo karibu na mwaka 1040, aliandika katika Kitab al-Manadhir kwamba kuona kitu kwa hakika kunahitaji jicho lipitishwe juu ya sehemu zake, moja baada ya nyingine, na kwamba macho yote mawili huelekea kwa pamoja kwenye kitu kimoja. Aliyasema haya kabla hakujakuwa na darubini wala kamera.

Miendo mitano, kila mmoja na kazi yake

Mwaka 1903 mtafiti wa Marekani, Raymond Dodge, aliigawa miendo ya macho katika aina tano, na hata leo wataalamu hutumia mgawanyo unaofanana na ule. Tuitazame kwa lugha ya nyumbani, kwa sababu mingi kati ya hiyo unaweza kuijaribu mwenyewe ukiwa umekaa barazani.

Wa kwanza ni mruko. Macho huruka kutoka mahali hadi mahali, kiasi cha mara tatu kwa sekunde, maana yake ni zaidi ya mara laki moja kwa siku. Katika mruko mkubwa, jicho hugeuka kwa kasi inayopita nyuzi 500 kwa sekunde, na safari yote huisha ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Wakati wa mruko ubongo huzima kuona kwa kitambo kidogo ili dunia isionekane kama inapeperuka. Simama mbele ya kioo, utazame jicho lako la kulia kisha la kushoto. Hutayaona macho yako yakitembea hata mara moja. Mwenzako aliyesimama pembeni atayaona.

Kusoma nako ni miruko. Daktari wa macho wa Ufaransa, Louis Émile Javal, alieleza katika miaka ya 1870 kuwa macho ya msomaji hayatelezi juu ya mstari bali huruka, hutua, huruka tena. Watafiti waliowapima wasomaji wa Kiingereza na wa Kiarabu wamekuta kwamba ubongo huchukua herufi nyingi zaidi upande ule ambao macho yanaelekea: kulia kwa msomaji wa Kiingereza, kushoto kwa msomaji wa Kiarabu. Fikiria basi mtoto wetu anayesoma Kiswahili shuleni asubuhi kutoka kushoto kwenda kulia, na jioni yuko chuoni anasoma kutoka kulia kwenda kushoto. Ubongo wake unapanga miruko kwa pande zote mbili, na hakuna mwalimu aliyemfundisha jinsi ya kuipanga.

Wa pili ni kufuatia. Ndege akipita angani, au mpira ukiviringika taratibu, macho huacha kuruka na kuteleza pamoja nao. Jaribu kutelezesha macho yako polepole ukutani pasipokuwa na kitu chochote kinachotembea: hutaweza, yataruka tu. Sasa sogeza kidole chako mbele ya ukuta huo huo na ukifuate, macho yatateleza kama yamepakwa mafuta. Mwendo huu unahitaji kitu cha kufuatwa.

Wa tatu ni kufidia kichwa. Shika gazeti hili, tikisa kichwa chako kulia na kushoto, na uendelee kusoma. Unaweza. Sasa kituliza kichwa na ulitikise gazeti kwa kasi ile ile. Herufi zinachanganyika. Tofauti imetoka sikioni. Ndani kabisa ya kila sikio mna mifereji mitatu yenye maji, ambayo huhisi kichwa kikigeuka na kuuarifu ubongo, nao huyageuza macho upande wa pili kwa kiasi kile kile. Amri hii hufika kwa takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Mruko wa kawaida huhitaji sehemu moja ya tano ya sekunde ili uanze. Kwa hiyo amri ya sikio ni ya haraka mara ishirini hivi, na bila hiyo tusingeweza kusoma kibao cha duka huku tunatembea.

Wa nne ni ule wa abiria. Mtazame mtu aliyekaa dirishani ndani ya basi linalokwenda. Macho yake yanafuata mti, kisha yanaruka mbele, yanashika mti mwingine, yanaufuata, yanaruka tena. Yeye mwenyewe hajui kama anafanya hivyo.

Wa tano ni kukutanisha. Ukileta kidole karibu na pua, macho yote mawili huingia ndani. Ukitazama mnara wa mbali, hufunguka. Katika miendo mingine minne macho huenda upande mmoja. Katika huu kila moja huenda upande wake, ili picha mbili ziwe moja.

Nani anayetoa amri

Kila jicho lina misuli sita. Misuli hiyo huendeshwa na neva tatu tu zinazotoka ubongoni, ambazo madaktari huziita kwa namba: ya tatu, ya nne na ya sita. Ya sita huvuta jicho kwenda nje. Ya nne huendesha msuli mmoja unaosaidia kutazama chini, hasa jicho likiwa limeelekea puani. Ya tatu hubeba misuli minne iliyobaki, hunyanyua kope, na hubana mboni. Neva hizi huanzia kwenye shina la ubongo, ile sehemu inayounganisha ubongo na uti wa mgongo, ambamo pia zimo amri za kupumua.

Juu yake wako wakubwa wengine. Sehemu ya mbele ya ubongo huamua utazame nini kwa hiari yako. Sehemu za nyuma na za pembeni hupima kitu kinatembea kwa kasi gani. Na kisogoni upo ubongo mdogo, yaani serebelamu, ambao kazi yake ni kama ya fundi wa mizani: mruko ukipitiliza au ukipungukiwa, unasahihisha hadi utue sawasawa.

Cha kushangaza zaidi ni jinsi macho mawili yanavyokwenda pamoja. Ukitazama kulia, jicho la kulia linavutwa nje na neva ya sita, na la kushoto linavutwa ndani na neva ya tatu. Ni neva mbili tofauti, kila moja upande wake. Kamba nyembamba ya neva iliyo ndani ya shina la ubongo ndiyo inayozifunga amri hizo mbili ziwe moja. Kamba hiyo ikiumia, jicho moja litakwenda na lingine litachelewa au kubaki nyuma. Daktari mwenye uzoefu, kwa kumwambia mgonjwa afuate kidole chake tu, anaweza kukisia jeraha liko wapi ndani ya kichwa.

Hii ndiyo sababu nasema macho ni habari. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009, madaktari waliwachunguza wagonjwa waliokuwa wamepatwa na kizunguzungu kikali cha ghafla kwa vipimo vitatu vya mwendo wa macho, bila mashine yoyote. Vipimo hivyo viliwatambua wenye kiharusi vizuri zaidi kuliko picha ya MRI iliyopigwa mapema. Kama macho yanaweza kusema jambo ambalo mashine ya gharama kubwa imelikosa, basi na sisi tuna haki ya kuyatazama.

Makengeza si urembo wala si jambo la kusubiri

Tuanze na watoto, kwa sababu kwao muda ndio kila kitu.

Mtoto mchanga macho yake yanaweza kupotezana mara moja moja katika miezi ya mwanzo. Ubongo bado unajifunza. Lakini akifikisha miezi minne, macho yanapaswa kwenda pamoja. Jicho linaloendelea kwenda kombo baada ya hapo, liwe daima au wakati mwingine tu, linahitaji mtaalamu. Na kama mtoto amezaliwa na jicho lililokwama upande mmoja bila kurudi kabisa, msingoje hata hiyo miezi minne.

Kinachotokea ni hiki. Macho mawili yakitazama mahali pawili, ubongo hupokea picha mbili zisizolingana. Mtu mzima huona vitu viwiliviwili na hupata taabu. Ubongo wa mtoto una njia nyingine: huizima picha ya jicho moja. Mtoto halalamiki, hasikii maumivu, anacheza kama kawaida. Lakini jicho lililozimwa halifundishwi kuona, na taratibu linakuwa jicho vivu. Jicho lenyewe ni zima. Ubongo ndio ulioacha kulisikiliza.

David Hubel na Torsten Wiesel walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981 kwa kazi iliyosaidia kulieleza jambo hili. Walifumba jicho moja la paka wachanga kwa muda, kisha wakalifungua. Sehemu ya ubongo iliyopaswa kulisikiliza jicho lile ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na jicho la pili. Walipofanya vivyo hivyo kwa paka wakubwa, hasara ile haikutokea. Uwanja wa kujifunza kuona uko wazi utotoni, kisha hufungwa.

Kwa binadamu, matibabu hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya miaka 7 au 8. Nayo mara nyingi ni mepesi. Wako watoto ambao miwani peke yake huyanyoosha macho yao, kwa sababu walikuwa wanayakaza ili waone karibu. Wengine huzibwa jicho zima kwa saa kadhaa kila siku, ili jicho vivu lilazimike kufanya kazi. Wengine huhitaji upasuaji wa misuli. Watoto wakubwa kidogo nao hufaidika, lakini kadiri mwaka unavyopita ndivyo faida inavyopungua.

Hapa ndipo penye uchungu wa jambo hili katika familia zetu. Msichana huachwa na makengeza miaka yote, kisha zinapoanza kusikika habari za posa ndipo wazee wanachanga fedha za upasuaji. Daktari anaweza kulinyoosha jicho la mtu mzima, na upo wema mkubwa katika hilo, kwa kuwa humwondolea kejeli na huzuni. Lakini kuona kwa jicho lile mara nyingi kumekwisha kupotea. Tumelipa fedha ile ile, au zaidi, tukapata sura bila nuru. Zile zile zingelipwa akiwa na miaka mitatu angepata vyote viwili. Na mtu anayetegemea jicho moja maisha yake yote yuko hatarini kwa ajali moja tu ya kijiti au jiwe.

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha, nzito kuliko hiyo. Jicho kwenda kombo linaweza kuwa dalili ya saratani ya jicho ya watoto wadogo, inayoitwa retinoblastoma. Dalili yake kuu ni mboni kung'aa nyeupe, kama jicho la paka linapomulikwa usiku, na aghalabu huonekana kwenye picha iliyopigwa kwa taa ya simu. Ikigunduliwa mapema mtoto hupona, na mara nyingine jicho lake pia huokolewa. Ikichelewa huua. Mzazi aliyeona weupe huo katika mboni asingoje Ijumaa wala mwisho wa mwezi.

Lipo pia tatizo la macho yanayoonekana kengeza na kumbe siyo. Watoto wengi wana daraja pana la pua, na ngozi yake hufunika weupe wa upande wa ndani. Mmulike mtoto kwa tochi dogo ukiwa mbele yake kwa umbali wa mkono mmoja. Nukta ya mwanga ikionekana mahali pale pale katika mboni zote mbili, ni dalili njema. Ikikaa katikati ya mboni moja na pembeni ya nyingine, nendeni. Na kama mna shaka yoyote, nendeni vilevile.

Kwa walimu wa shule na wa madrasa

Mwalimu huona macho ya watoto kuliko mtu yeyote. Mtoto anayeinamisha kichwa upande mmoja kila anaposoma si lazima awe na adabu mbaya. Inawezekana neva ya nne ya jicho moja ni dhaifu, na kwa kuinamisha kichwa anazifanya picha mbili ziwe moja. Ukimlazimisha anyooshe kichwa, unamrudishia picha mbili.

Watoto wenye ualbino nao wanahitaji tuwaelewe. Wengi wao macho yao huchezacheza bila kutulia, hali iitwayo nistagmasi. Kwao kile kishimo cha fovea hakikukua sawasawa, na neva za macho zimepishana ubongoni kwa namna tofauti na ya wengine. Mara nyingi pako pembe moja ambayo wakiigeuzia kichwa macho hutulia kidogo na herufi husomeka. Mtoto wa namna hii akae mbele, aruhusiwe kushika kitabu karibu na uso, na asiadhibiwe kwa kugeuza kichwa. Wako waliokaa nyuma ya darasa, wakaitwa wazito, kumbe hawakuwahi kuuona ubao.

Macho yakipinduka ghafla

Sasa tuliseme lile linalosemwa kwa kunong'ona. Macho ya mtoto yakipinduka juu, mwili ukakakamaa na kutetemeka, wengi wetu tulifundishwa kuiita degedege na kumtafuta mganga. Hicho mara nyingi ni mtukutiko unaotokana na homa, na katika nchi zetu malaria kali ni miongoni mwa sababu zake kubwa. Ubongo wa mtoto uko katika shida wakati ule ule. Mlazeni kwa ubavu, msimtie kitu chochote mdomoni, msimwogeshe mkojo wala dawa ya kienyeji, mpelekeni hospitali mara moja.

Lipo jingine linalofanana nalo. Kijana au mtu mzima anaweza kukutwa macho yamekwama juu, shingo imepinda, ulimi mzito, na akili yake timamu, anawasikia wote. Baadhi ya dawa za kuzuia kutapika, kama metoclopramide, na baadhi ya dawa za maradhi ya akili, kama haloperidol, zinaweza kuleta hali hiyo. Hospitalini, sindano moja ya dawa inayofaa kwa kawaida huyarudisha macho ndani ya dakika chache. Nyumbani, mtu huyo anaweza kushindiwa siku mbili akisomewa na kupigwa kwa kudhaniwa ana jini, ilhali dawa iliyomdhuru bado ipo mezani na anaendelea kupewa. Dua haizuii safari ya hospitali. Muombeeni mkiwa njiani, na muichukue pakiti ya dawa alizokunywa mkamwonyeshe daktari.

Kwa watu wazima, zishikeni dalili hizi. Kuanza ghafla kuona vitu viwiliviwili. Kope kuanguka na mboni ya jicho hilo kuwa kubwa, pamoja na maumivu makali ya kichwa: hii inaweza kuwa mshipa wa damu uliovimba ubongoni, na saa moja ina thamani. Kizunguzungu kikali cha ghafla pamoja na macho kuchezacheza, kushindwa kutembea wima au kusema kwa taabu: huenda ni kiharusi. Jicho kuingia ndani na kushindwa kutoka nje, hasa kwa mtu mwenye kichwa kinachouma asubuhi na kutapika: huenda shinikizo limepanda ndani ya fuvu. Wenye kisukari na presha nao wanaweza kupooza neva moja ya jicho, na kwa wengi hurudi baada ya miezi mitatu hivi. Lakini hilo aliseme daktari baada ya kuwapima, lisisemwe na jirani.

Na walio katika matibabu ya sindano kama gentamicin au streptomycin wajue kuwa dawa hizi, zenye faida kubwa, zinaweza kuharibu ile mifereji ya sikio. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Marekani alieleza katika New England Journal of Medicine jinsi streptomycin ilivyomwacha: dunia ilirukaruka kila alipotembea, na alipokuwa kitandani mpigo wa moyo wake tu ulitosha kuzitikisa herufi, hadi akawa anakiegemeza kichwa chake kwenye vyuma vya kitanda ili asome. Ukiona vitu vinarukaruka unapotembea baada ya sindano hizo, mwambie aliyekutibu siku hiyo hiyo.

Hospitali ni mbali

Najua jibu litakalokuja: hospitali ni mbali, nauli hakuna, na mtoto haumwi. Kuhusu umbali, ni kweli. Mabingwa wa macho wamekusanyika katika hospitali chache kubwa, kama Muhimbili na CCBRT jijini Dar es Salaam, KCMC Moshi na Bugando Mwanza. Lakini safari haianzii huko. Huanzia zahanati ya karibu au kliniki ya mama na mtoto, ambako unaweza kuomba kwa maneno mepesi: "Naomba mmulike macho ya mwanangu, jicho hili linakwenda kombo." Ukiambiwa ataacha akikua, naye amevuka miezi minne, omba barua ya kwenda hospitali ya wilaya.

Kuhusu nauli, mara nyingi mama ndiye anayeona na baba ndiye mwenye fedha. Baba, mwenzako akikuambia jicho la mtoto haliendi sawa, usimjibu kutokea mlangoni. Mketishe mtoto mbele yako, mtazame wewe mwenyewe, kisha mpange siku. Kwa harusi na kwa maombolezo tunachangishana ndani ya saa chache. Jicho la mtoto linastahili mchango huo pia.

Na kuhusu kwamba haumwi, hapo ndipo hatari ilipo. Ubongo wa mtoto hulizima jicho kimya kimya, bila homa na bila kilio. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walizungumzia nyumba, ambayo ukuta wake hujengwa tena mwaka wowote mtu anapopata matofali. Jicho la mtoto lina miaka saba au minane hivi, na mingine kati ya hiyo imekwisha kupita. Leo jioni, wakati watoto wamekaa kwenye mkeka wakingoja chakula, chukueni tochi mwatazame macho mmoja mmoja.